Maji Kwanza, Asidi Baadaye

Mimi ndiye katibu wa duara letu la wasomaji, na katika maisha yangu sijawahi kuwa kitu kingine ila katibu. Miaka thelathini nilipiga chapa mihtasari ya mikutano katika ofisi moja hapa Lubumbashi, na mabosi wanne waliofuatana niliwafanya waonekane na akili kuliko walivyokuwa. Bosi anababaika, katibu anaandika sentensi safi. Hiyo ndiyo kazi. Hakuna aliyenishukuru, nami sikungoja shukrani, maana nilijua vizuri ni nani aliyekuwa akisema kwenye zile karatasi.

Duara letu hukutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa tisa alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la dawa huko Kamalondo. Mwenye duka ni mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Maniema. Yeye hutoa chumba, chai na maandazi, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumkatiza anapoongea. Yuko pia baba mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mwenye malori, ambaye husoma vitabu vyake vyote kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Yuko dada mmoja wa maabara, anayepima madini katika kiwanda kilicho njia ya Kipushi. Halafu mimi na mume wangu. Wengine huja na kuondoka, hasa mvua zikianza.

Tunasoma riwaya za kubuni za kisayansi. Kuna tuzo moja ya vitabu vya Kifaransa ambayo kila mwaka huteua riwaya tano, na waandaaji wake hutuma nakala mbilimbili kwa vikundi vya wasomaji katika miji kadhaa. Sisi tunatakiwa kurudisha ripoti ya kurasa mbili kwa kila kitabu. Ukurasa wa kwanza unauliza kama kitabu kilitupendeza. Wa pili unauliza kama sayansi yake inasimama.

Ukurasa wa pili ulikuwa mali ya mume wangu. Karibu miaka arobaini alikuwa mhandisi katika kiwanda cha kutoa shaba kwa asidi, na kila kijana aliyeanza kazi pale alipita kwanza mikononi mwake. Siku ya kwanza hakuwafundisha ila jambo moja. Ukitaka kupunguza ukali wa asidi, unatanguliza maji, kisha unamimina asidi polepole ndani yake. Ukigeuza, ukamwaga maji juu ya asidi, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. "Mayi kwanza, acide nyuma," aliwasemesha kwa sauti, mara kumi, kama watoto wa shule ya msingi. Yule dada wa maabara alikuwa mmoja wao. Mpaka leo ana kovu kwenye kifundo cha mkono, la wiki yake ya kwanza, siku aliyojisahau. Anasema kama si mume wangu kumvuta koti kwa nyuma, kovu hilo lingekuwa machoni.

Mume wangu alisoma riwaya vile alivyosoma vipimo vya kiwandani, akiwa na kalamu nyekundu. Kando ya ukurasa aliandika neno moja kati ya mawili: inawezekana, au haiwezekani. Mara nyingi lilikuwa la pili. Chombo kilicholipuka angani kwa kishindo alikikata, maana pasipo hewa hakuna kishindo. Dhoruba iliyong'oa nyumba kwenye sayari yenye hewa nyembamba aliikata pia, akacheka peke yake nusu saa. Mama wa duka la dawa alikuwa akikasirika.

"Papa ingénieur, ni hadithi tu. Leka bantu basikie raha."

"Raha iko, mama," alimjibu. "Lakini mwandishi iko na ruhusa ya bongo moja." Bongo kwetu ni uongo. "Akisema kuko bantu banaishi ku mwezi, naitika. Hiyo njo bongo yake. Lakini bale bantu bakikunywa mayi, ile mayi itoke fasi." Fasi ni mahali.

Mwenye malori yeye alikuwa na swali lake moja kwa kila riwaya. "Sawa, banaenda ku nyota. Na mazutu banapata wapi?" Dizeli angani! Tulicheka kila mara, na kila mara mume wangu alimjibu kwa makini, akichora mahesabu nyuma ya bahasha. Nilikuwa najivunia mume huyo. Nasema wazi, nilikuwa najivunia kupita kiasi, na yaliyotokea yalianzia hapo.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo. Alisema mwanga wa jua hutufikia baada ya saa nane. Ni dakika nane, hata mimi najua, nimeishi na mtu huyu miaka arobaini na miwili. Tulipuuza, ulimi huteleza. Nyumbani niliandika dakika. Mwezi uliofuata alichanganya riwaya mbili, akamlaumu mwandishi wa moja kwa makosa ya mwenzake. Niliandika yale ambayo angeyasema kama angekuwa na kitabu sahihi mkononi. Baada ya hapo akaanza kunyamaza katikati ya sentensi, akitafuta neno kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, na mimi nikawa namalizia sentensi hizo kwenye karatasi. Sikuhisi ninafanya jambo baya. Nilikuwa nafanya kazi yangu.

Watoto wetu wako Afrika ya Kusini. Wakipiga simu Jumapili huuliza, "Papa iko muzima?" Nami nilikuwa nawajibu, "Iko muzima, presha tu kidogo." Mama wa duka la dawa aliwahi kuniuliza kwa upole kama nimempeleka kwa daktari. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia auze dawa zake kwa wagonjwa. Alinimiminia chai, na aibu ya chai ile bado ninayo.

Ndipo tukafika kwenye riwaya ya nne ya mwaka jana. Ilihusu mji uliochimbwa chini ya ardhi ya sayari nyekundu. Mhusika mkuu ni mama anayetoa shaba kwenye mchanga wa kule kwa asidi, na kuna ukurasa mzima ambapo anamfundisha binti yake kuimimina. Anaweka maji kwanza. Anamimina asidi kidogokidogo, anamgusisha binti chombo kwa nje ili asikie kinavyopata moto, anamwambia asiwe na haraka. Niliusoma ukurasa huo jikoni, sombe ya majani ya muhogo ikiwa motoni, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Ilikuwa kama mwandishi huyo alikaa darasani kwa mume wangu. Nilijua kabisa ataandika neno gani.

Siku ya mkutano alivaa koti lake la kijivu. Alisimama, akafungua kitabu mahali alipokuwa ameweka kijiti, akakigonga kwa kalamu.

"Huyu mwandishi hajui kitu," alisema. "Angalieni. Anatia mayi kwanza, kisha acide. Ile mama na mutoto wake batalipuka. Ni acide kwanza, mayi njo inafuata nyuma. Haiwezekani."

Mama wa duka la dawa amesomea kemia. Alinitazama, akatazama kikombe chake. Mwenye malori hutia asidi kwenye betri za magari kila wiki, aliinamisha kichwa. Mume wangu akamgeukia dada wa maabara, akitabasamu kama mwalimu aliyemwona mwanafunzi wake bora.

"Weye sema. Si njo vile nilikufundisha?"

Dada yule aliushusha mkono wa sweta yake mpaka ukafunika kovu. "Njo vile, papa," alimkubalia.

Tukaendelea. Tulikipa kitabu kile alama mbili juu ya kumi kwa sayansi. Watu wazima watano, na mmoja tu ndiye hakujua kwamba tunasema uongo. Hatukupanga. Kwetu mtu aliyekufundisha kazi humkosoi mbele ya watu, basi, na tuliitii desturi hiyo kama vile tungeketi tukimwangalia mtu anakanyaga shimo.

Nyumbani niliandika ripoti. Niliandika kwamba mhandisi wa duara letu aliusifu ukurasa wa asidi kuwa ndio wa kweli kuliko kurasa zote za mwaka huo. Niliandika alama tisa. Ilikuwa ripoti nzuri, pengine nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na nilipoimaliza nilikaa bila kuwasha redio, nikawa naogopa.

Kesho yake, baada ya misa, dada wa maabara alibisha mlangoni. Hakukaa. Alisalimia, akauliza kwa sauti ya chini.

"Mama, acide ya batterie munatiaka wapi?"

Nyumbani tuna betri nne, kwa ajili ya siku ambazo umeme unakatika, yaani siku nyingi. Mume wangu ndiye aliyezitunza. Asidi ilikuwa stoo, kwenye kidumu cha njano, lita tano. Mimi niliyejiona mjanja, niliyekuwa nimeandika kurasa mbili nzuri usiku uliopita, sikuwa nimekifikiria kidumu hicho hata mara moja. Tulikitoa pamoja, akakisimamisha ndani ya ndoo, akaondoka nacho wakati mume wangu yuko uani ananyoa ndevu. Pale mlangoni aliniambia, "Musamaha, mama. Jana nilishindwa." Nilimwambia sisi sote tulishindwa.

Wiki tatu hivi baadaye betri moja ilianza kukauka. Mume wangu akakitafuta kidumu chake stoo, akakikosa, akaniuliza. Nilimwambia asidi iliisha. Hakuniamini, akaendelea kutafuta, chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya makaa, hatimaye kwenye kabati langu. Humo hakukuwa na asidi. Humo kulikuwa na jalada la ripoti.

Nilitoka sokoni nikamkuta mezani, jalada liko wazi, kalamu nyekundu mkononi. Ilikuwa asubuhi moja ya zile ambazo akili yake inarudi timamu. Mimi ninayeishi naye huzitambua kwa macho yake. Alikuwa amesoma ripoti zote za mwaka.

"Mama," aliniuliza, "huyu ingénieur wa mu rapport yako ni nani?"

"Ni weye, papa."

"Hapana. Huyu hakosaka hata mara moja. Mwaka muzima hatafutaka neno, hasahauaka jina ya kitabu. Muntu wa miaka yangu?" Akanisogezea karatasi. Kando ya maneno yangu mazuri aliandika neno lake, haiwezekani. "Nilikupa ruhusa ya bongo moja. Weye umetia ngapi?"

Nilikasirika, maana hasira ndiyo iko karibu nami siku zote. Nilimwambia nimesafisha maneno ya mabosi wanne, na yeye ni mume wangu, ningemwacha vipi achekwe.

"Ba bosi ulibasaidia," alisema. "Miye unanificha."

Nilikaa chini na mfuko wa nyanya mapajani.

"Juu ya acide nilisema nini? Sema kweli."

Nilimwambia. Nilimwambia yote, na alama mbili, na kijiti kwenye ukurasa. Alisikiliza kama anavyomsikiliza daktari.

"Nilisema vile mbele ya ule mutoto?" Alimaanisha dada wa maabara, ambaye ana watoto watatu.

"Mbele yake."

"Naye alijibu nini?"

"Alisema njo vile."

Akavua miwani, akajifuta uso wote kwa kiganja. Sikuwa nimewahi kumwona mume wangu akiogopa, hata mwaka ule tanki la asidi lilipopasuka kiwandani. "Alikubali," alisema. "Juu ya heshima. Kesho kijana wake wa kazi atasema vile vile, naye atanyamaza juu ya huruma. Bataua muntu, mama. Andika vile nilisema. Andika nilikosa. Kisha usome mbele ya bote."

Niliandika ripoti mpya palepale, mezani, kwa mkono. Nikaweka maneno yake kama alivyoyasema, na chini yake nikaandika kwamba mhandisi amekosea, kwamba mwandishi wa riwaya ndiye aliyesema kweli, na kwamba wanachama wengine walijua wakanyamaza. Aliisoma mara mbili, akatia sahihi. Kisha tukala. Siku zile chache zilizofuata nilikuwa na amani ambayo sikuwa nayo tangu mwaka uanze, na nilimpigia simu mwanangu wa kwanza nikamweleza ukweli. Nilimtafuta pia dada wa maabara, nikamweleza maneno yote ya asubuhi ile. Alilia kwenye simu. Alisema Jumamosi atakuja mapema.

Desturi yetu, ambayo mwaka ule nilikuwa nimeikwepa kwa visingizio, ni kwamba kabla ya kitabu kipya, katibu husoma ripoti iliyopita kwa sauti, ili kila aliyetajwa athibitishe. Jumamosi ile mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, ikanibidi nipaze sauti. Mume wangu alikuwa pembeni yangu na koti lake la kijivu, kofia magotini. Njiani aliniuliza mara mbili tunakwenda wapi, lakini nilijiambia akifika atakaa sawa.

Nilisoma jina la riwaya. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nilipofika wa pili nilisoma, "Mhandisi wa duara amesema kwamba asidi hutangulia na maji hufuata," na kabla sijavuta pumzi ya sentensi inayofuata, mume wangu alipiga meza kwa kiganja hata vikombe vikaruka.

"Nani amesema vile?"

Sahihi yake ilikuwa mbele yangu, chini ya kidole changu.

"Nauliza nani! Ule muntu bamutoshe ku kazi leo leo. Ataua batoto ba bantu!" Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na sauti ile ilikuwa yake ya zamani, ya kiwandani, sauti iliyowahi kuwasimamisha vijana ishirini bila kipaza sauti. Mwenye malori alifumba macho. Mama wa duka la dawa aliuziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake.

Dada wa maabara aliinuka, akaja kuchuchumaa mbele ya kiti chake. Mkono wa sweta ulikuwa umekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Nilijua amekuja ili aseme kweli safari hii. Nilimwona anafungua mdomo, anautazama ule uso, anaufunga.

"Ni muntu wa mu kitabu, papa," alisema.

"Wa mu kitabu?"

"Njo. Mwandishi njo amemutunga."

Mume wangu alipumua. Mabega yakashuka. "Na weye? Weye unasemaje?"

"Mayi kwanza," alisema dada yule, na machozi yalikuwa yanamwendea mpaka kidevuni, "acide nyuma."

"Tena."

Alirudia. Mume wangu alimfanya arudie mara kumi, akihesabu kwa vidole, na hakukosea hesabu. Halafu akanigeukia mimi, kwa adabu, kama mtu anavyomgeukia katibu asiyemfahamu vizuri.

"Mama, uandike. Ingénieur wa kweli hawezi kusema vile. Ule muntu haiwezekani."

Nilichukua kalamu nikaandika, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakukuwa na kitu cha kusahihisha.